Barua ya wazi: Mpungate wa Laikipia hauondoki kwa tingatinga

Kwa Serikali ya Kaunti ya Laikipia na Bunge la Kaunti. Kwa wenzao wa Samburu na Isiolo. Na kwa wizara zinazosimamia kilimo, mifugo na mazingira, Nairobi.

Waheshimiwa,

Mpungate, mmea vamizi wa jamii ya dungusi, ukitajwa mkutanoni, wazo la kwanza la watu wengi ni tingatinga, la pili ni dawa ya kunyunyizia, la tatu ni kiwanda cha sharubati. Sisi tunaoshughulika na malisho ya Laikipia Kaskazini tunaomba mpangilio tofauti. Fedha zitakazotengwa ziende kwanza kwenye kufuga na kusambaza mdudu aitwaye kochinili, anayeufyonza mmea huo hadi ufe, kisha kwenye kurudisha nyasi. Majembe yabaki kwa kazi moja tu, ya kukamata miche iliyojitenga kwenye maeneo mapya. Hapa chini tunaeleza sababu na namna ya kufanya.

Mmea wenyewe ni Opuntia stricta. Huota kichaka cha mita moja hadi mbili, chenye majani bapa (ambayo kwa kweli ni shina), maua ya manjano na tunda la zambarau lenye mbegu kwa makumi. Kwao ni pwani za Ghuba ya Meksiko na visiwa vya Karibi. Ulipandwa karibu na Doldol enzi za ukoloni, katikati ya karne ya 20, uwe ua na pambo. Jamii nzima ya dungusi ni ya mabara ya Amerika, isipokuwa aina moja tu, Rhipsalis baccifera, iliyofika Afrika bila mkono wa mtu, nayo huning'inia kwenye miti ya misitu yenye unyevu. Kwa hiyo mpungate ulipotua Mukogodo, eneo lilipo Doldol, ulikuta ardhi kavu inayoufaa na hakuna hata mdudu mmoja wa kuula. Wadudu wake walibaki ng'ambo ya bahari.

Usambaaji wake ulipata wasaidizi wengi. Ndovu hula tunda na kuangusha mbegu kwenye mavi umbali mrefu kutoka kichakani. Nyani hula na kwenda kulala juu ya miti na majabali, ndiyo maana miche mingi huanza chini ya miti wanakolala. Ndege, mbuzi na kondoo hufanya vivyo hivyo. Tena jani likianguka au likibebwa na mafuriko, huota mizizi pale linapogusa udongo. Watafiti waliofuata nyani wa Laikipia kwa miaka mingi, akiwemo Shirley Strum, walionyesha mwaka 2015 kwamba jambo lingine liliufungulia njia: mabadiliko ya matumizi ya ardhi. Mifugo ilipoacha kuhamahama na udongo kubaki wazi, mche wa mpungate haukukuta tena nyasi za kushindana nao.

Hasara yake iko mdomoni mwa mbuzi. Mfunue midomo mbuzi aliyezoea tunda hili utaona ufizi uliovimba, ulimi wenye vidonda na nukta ndogo za rangi ya kahawia. Nukta hizo si uchafu. Ni vimiba vidogo kama unywele, vinavyokaa kwa mafungu juu ya tunda na majani. Kila kimoja kina vijino vinavyotazama nyuma, hivyo huingia kwa urahisi na hakitoki. Vikiingia kwenye fizi huleta usaha; vikiingia jichoni huleta upofu; vikishuka tumboni hutoboa ukuta wa utumbo. Mbegu nazo hushikana tumboni zikawa donge linaloziba njia ya chakula. Mnyama hukonda akiwa amezungukwa na kijani. Hata mama aliyenyonyesha vizuri hushindwa kumlea mwanawe, kwa kuwa kiwele nacho huchomwa anapopita vichakani.

Sasa tingatinga. Linapopita juu ya kichaka halikiui, linakikatakata. Kila kipande chenye doa la vimiba ni mche unaongoja mvua, na tairi na minyororo huvibeba vipande hadi barabarani. Udongo unabaki umetifuliwa, hauna nyasi, na mbegu zilizolala ndani yake huweza kukaa hai zaidi ya miaka 10. Mahali palipokuwa na vichaka 20 panaota mamia. Kama ni lazima mashine itumike, kwa mfano kusafisha uwanja wa shule au njia ya kwenda kisimani, basi kila kipande kikusanywe na kufukiwa zaidi ya mita moja chini, au kilundikwe juu ya mwamba hadi kikauke kabisa. Aliyepewa kazi asilipwe hadi mvua inyeshe na eneo likaguliwe tena.

Dawa ya kunyunyizia ina shida nyingine. Jani la mpungate limepakwa nta, na vitundu vyake vya kupumulia hufunguka usiku ili lisipoteze maji mchana. Dawa inayopuliziwa saa nne asubuhi huteleza na kukauka juu juu. Kuna dawa zinazoua zikidungwa ndani ya shina, lakini kudunga kichaka kimoja kimoja kwenye maelfu ya hekta ni gharama ambayo hakuna kaunti inayoiweza. Moto haufai pia: jani limejaa maji na chini yake hakuna nyasi za kuwaka.

Nchi nyingine zimekwisha kupita njia hii. Nchini Australia, kufikia miaka ya 1920 mpungate ulikuwa umefunika takriban hekta milioni 24. Walikata, wakachoma, wakamwaga sumu, mashamba yakahamwa. Mwaka 1925 walileta nondo Cactoblastis cactorum kutoka Argentina, na kabla ya katikati ya miaka ya 1930 sehemu kubwa ya ardhi hiyo ilikuwa imerudi kwa wakulima. Hatuombi nondo huyo hapa, kwa sababu hula aina nyingi za mpungate bila kuchagua, pamoja na zile zinazolimwa kwa tunda. Mfano unaotufaa zaidi ni wa Afrika Kusini. Katika Hifadhi ya Taifa ya Kruger, mpungate huu huu uliopandwa kama pambo pale Skukuza ulienea kwenye zaidi ya hekta 30,000, ukisambazwa na ndovu na nyani kama hapa. Kochinili wa kwanza waliojaribiwa hawakufanya kazi. Mwaka 1997 wakaletwa wengine kutoka Australia, nao wakauangusha.

Kwa nini wa kwanza walishindwa ilhali kwa macho wanafanana kabisa? Mdudu huyo, Dactylopius opuntiae, ana koo mbili. Ukoo mmoja hustawi kwenye mpungate mkubwa wa kulimwa, Opuntia ficus-indica, na mwingine hustawi kwenye Opuntia stricta. Ukikosea ukoo utamwaga wadudu mwaka mzima bila matokeo. Ukoo sahihi umekwisha kuingizwa Laikipia kwa kibali, baada ya kupimwa, katika muongo uliopita, na taasisi za CABI (shirika la kimataifa la kilimo na mazingira) na KALRO (ya utafiti wa kilimo na mifugo nchini Kenya) zimeshiriki kazi hiyo. Mdudu yupo tayari. Kinachopungua ni wingi wake, na watu wanaolipwa kumpeleka anakohitajika.

Kochinili ni wa jamii ya vidugamba. Jike hana mabawa. Akishachoma mdomo wake kwenye jani hahami tena hadi kufa. Hujifunika pamba nyeupe ya nta na kufyonza maji ya mmea. Ukimponda hutoa rangi nyekundu iliyokolea, na hiyo ndiyo alama ya kumtambulisha. Watoto wake hutambaa kwa muda mfupi kutafuta pa kukaa, na wengine hubebwa na upepo kwa nyuzi zao nyembamba. Kizazi kimoja huchukua takriban miezi miwili, zaidi kukiwa na baridi. Nje ya jamii ya dungusi hana chakula: hali mahindi, hali maharagwe, hali mgunga wala yuforbia. Hili lisemwe wazi kwenye baraza za machifu kabla ya mdudu kupelekwa, maana pamba nyeupe ikionekana ghafla watu hudhani ni ugonjwa, na kuna wanaokata na kuchoma vichaka vilivyoambukizwa. Huko ni kuua askari wako mwenyewe.

Kumfuga hakuhitaji maabara. Jengeni kibanda chenye paa linalozuia mvua, na kuta za neti nzito ili ndege na dudu kobe wasiingie. Dudu kobe wakiingia humaliza kizazi kizima kwa siku chache. Kata majani mazima, yasiyo machanga sana wala yenye magome. Yaache kivulini siku nne hadi saba hadi jeraha la mkato likauke, kwa sababu jani lenye jeraha bichi huoza kabla mdudu hajakomaa. Yapange kwa kuyasimamisha au kuyaning'iniza kwenye waya, yasigusane na udongo. Kisha weka jani lenye wadudu katikati ya kila majani manne au matano mapya, ligusane nayo, ili watoto wavuke kwa kutembea. Kila wiki ondoa yaliyooza. Yakishafunikwa na pamba karibu nusu ya uso wake, yako tayari kutoka. Acha robo ya majani hayo kibandani kuanzisha kundi linalofuata. Kibanda kinachotoa vyote kwa furaha ya siku ya uzinduzi hubaki kitupu miezi miwili.

Kumtoa kuna masharti yake. Mvua kubwa huwaosha watoto kutoka kwenye majani, basi wapelekwe mvua za masika zikishaisha, kuanzia Juni, wakati majani ya mpungate yamejaa maji na anga ni kavu. Au Januari na Februari. Wabebwe ndani ya katoni zenye matundu, si mifuko ya plastiki, ambayo hutoa jasho na kuozesha mzigo mzima kabla ya jioni. Wafike kondeni siku hiyo hiyo au kesho yake. Kwenye kila kichaka kilichochaguliwa, bana majani mawili au matatu yenye wadudu katikati ya matawi, upande wa chini wenye kivuli na usiopigwa na upepo mkali, yakigusa majani hai sehemu zaidi ya moja. Yasiachwe chini. Kosa tunaloliona zaidi ya yote ni kutupa majani juu ya kichaka ukiwa umesimama garini: yanaanguka, jua linayakausha, na watoto hawana pa kuvukia. Chagueni vichaka vikubwa, kimoja kila hatua 50 hivi, badala ya kurundika wadudu wote mahali pamoja panapofikika kwa gari.

Baada ya hapo subira inahitajika, na hapa ndipo tunapoogopa zaidi bajeti za mwaka mmoja mmoja. Miezi ya kwanza hakuna kinachoonekana isipokuwa vidoa vyeupe. Baadaye majani hugeuka manjano, maungio hulegea, kichaka hujiangukia. Majani yaliyoanguka huweza kuota, lakini wadudu wako juu yake na huendelea kuyafyonza. Mvua nyingi ikija wadudu hupungua na mpungate huchipua. Ikikauka tena nao huongezeka. Kupanda na kushuka huku si dalili kwamba mpango umeshindwa. Ila mahali palipokufa vichaka vyote, wadudu nao hufa njaa, na mbegu zilizobaki ardhini huota bila adui. Kwa hiyo kila eneo liachiwe kona yenye mpungate na wadudu isiyoguswa, na kibanda cha karibu kirudie kupeleka wapya kila mwaka. Upimaji uwe mwepesi ili ufanyike kweli: kigingi cha chuma, kamba ya mita 50, hesabu ya vichaka vinavyogusa kamba, picha moja kutoka kwenye kigingi hicho hicho, kila baada ya miezi sita.

Tunaomba pia tahadhari kali kuhusu kusafirisha wadudu hawa ovyo. Si kila kochinili ni rafiki. Kusini mwa Madagaska, katika miaka ya 1920, kochinili aliangamiza mpungate ambao wafugaji walikuwa wakiutegemea kwa chakula na maji ya mifugo, na njaa ikafuata. Huko Tigray nchini Ethiopia, aina nyingine, Dactylopius coccus, ililetwa mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa ajili ya rangi nyekundu, ikageuka balaa kwa beles, tunda la mpungate linalolisha kaya nyingi miezi ya kiangazi. Moroko nako, tangu 2014, Dactylopius opuntiae amekausha mashamba ya mpungate wa kulimwa. Hapa kwetu kuna mpungate wa aina zaidi ya moja. Opuntia engelmannii ni mrefu na mnene kuliko stricta, na miiba yake ni myeupe kama chaki. Austrocylindropuntia subulata ina majani ya mviringo kama mirija na imepandwa kuwa ua wa maboma na shule. Kila moja ishughulikiwe kwa mdudu aliyepimwa juu yake, kupitia KEPHIS (shirika la serikali la ukaguzi wa afya ya mimea) na KALRO. Na wafanyakazi wote wafundishwe kwamba ukikata ukaona utomvu mweupe kama maziwa, hiyo ni yuforbia, mti wa hapa hapa, aiache.

Majembe tumeyatengea kazi yake. Penye mche mmoja mmoja, hasa kwenye mpaka wa uvamizi kuelekea Isiolo na Samburu, kung'oa kunalipa kuliko njia nyingine yoyote. Kazi ifanywe na watu wenye glovu nene za ngozi, viatu vilivyofunika kisigino, koleo za mkono mrefu, sururu na magunia mazito. Matunda huchumwa kwanza na kutiwa ndani ya pipa lenye kifuniko. Kisha majani hukatwa kwenye maungio, kuanzia juu. Mwisho shina huchimbwa pamoja na mizizi hadi kina cha sentimita 30 hivi. Mabaki yafukiwe au yakaushwe juu ya mwamba ndani ya uzio, ndovu wasije wakayafikia. Eneo hilo hilo litembelewe baada ya kila mvua kwa miaka kadhaa. Wapi pa kutafuta? Chini ya miti wanakolala nyani, kwenye mapito ya ndovu, kando ya maboma yaliyohamwa, kwenye kingo za mito ya msimu na kwenye ua za taasisi za serikali. Hizo za mwisho zing'olewe kwanza, maana haifai kumwambia mfugaji ang'oe wakati ofisi imezungushiwa mpungate.

Kuhusu sharubati, jemu, mafuta ya mbegu na gesi ya kupikia: tunaheshimu vikundi vya akina mama vinavyopata kipato hapo, na gesi inayotokana na majani yaliyosagwa inapunguza kweli mzigo wa kuni. Lakini matumizi hayo hayatauondoa mpungate. Kikundi huchuma karibu na barabara, huku mmea ukienea mlimani. Kiwanda kikubwa kitataka malighafi kila mwaka, na siku mpungate unapopungua kitakuwa wa kwanza kulalamika. Vikundi vilivyopo visaidiwe, kwa masharti mawili: majani yasagwe pale pale yanapokatwa, na tunda zima lisisafirishwe kwenda mahali ambapo mmea haujafika. Fedha ya matumizi isitoke kwenye fungu la udhibiti.

Limebaki suala la nyasi, na hili ndilo litakaloamua kama tutazungumza tena baada ya miaka kumi. Kichaka kikianguka huacha duara la udongo mtupu. Mbuzi wakiingia siku hiyo hiyo, mche wa mpungate ndio utakaobaki, kwa kuwa hawauli. Kamati za malisho zifunge eneo hadi nyasi zitoe mbegu angalau misimu miwili ya mvua. Penye ukoko mgumu wa udongo, yachimbwe makinga maji ya umbo la mwezi mchanga, mdomo ukitazama juu ya mteremko, na zipandwe nyasi za hapa: Cenchrus ciliaris, Eragrostis superba, Enteropogon macrostachyus. Mbegu zifunikwe kwa udongo kidogo tu, zisizidi sentimita moja. Zikizikwa zaidi hazitoki. Wenye mifugo waliofungiwa eneo waonyeshwe mahali pengine pa kuchungia kabla ya kufungiwa, la sivyo ua utavunjwa usiku, nao hawatakuwa na makosa.

Maombi yetu kwa bajeti ijayo, basi, ni haya. Kibanda cha kufugia kochinili katika kila ranchi ya jamii iliyovamiwa, pamoja na mishahara ya vijana wawili wa kukihudumia, iliyohakikishwa kwa miaka mitano. Afisa mmoja wa kaunti anayejibu kwa kazi hii pekee, na makubaliano ya maandishi na Samburu na Isiolo, kwani ndovu hawajui mpaka. Marufuku ya kunyunyizia dawa au kupitisha mashine mahali ambapo wadudu wamekwisha kutolewa. Zuio la kuuza na kupanda mipungate ya ua kwenye vitalu vya miche. Na mafunzo kwa maafisa wa mifugo wa wadi kuhusu kutambua vidonda vya vimiba na kuvisafisha mapema, kabla mbuzi hajaacha kula.

Vibanda vikisimama kabla ya Januari, kundi la kwanza la kutosha litakuwa tayari kutolewa mvua za masika zikiisha, mwezi wa Juni. Vikichelewa hadi Aprili, mwaka mzima unapotea. Tuko tayari kuwaonyesha maafisa wenu maeneo ya kuanzia na kuwafundisha watakaoajiriwa, bila malipo.

Wenu katika kazi,

Wafugaji, walinzi wa malisho na mafundi wa udhibiti wa magugu, Laikipia Kaskazini